Kwa nini Beatrice na Benedick wanawafunika Claudio na Hero?

SWALI: Nafundisha sekondari huku Masasi na ndiye mlezi wa kikundi cha maigizo cha shule. Tunaandaa Much Ado About Nothing ya Shakespeare, vipande tulivyovitafsiri wenyewe. Kwenye mazoezi, Beatrice na Benedick, wale wanaosimangana mpaka wanapendana, wakiingia tu wanafunzi wanashangilia. Wakija kijana Claudio na mchumba wake Hero, watu wanaanza kupiga soga. Na hadithi yote inategemea ndoa ya hao wawili! Nibadilishe waigizaji?

JIBU: Usibadilishe, mwalimu, walau si kwa sababu hiyo. Wanafunzi wako wanatazama vizuri tu. Tamthilia hii ilichapwa mwaka 1600, na kabla karne hiyo haijafika katikati Mfalme Charles I wa Uingereza alikuwa ameshaandika kwa mkono wake "Benedick na Beatrice" kando ya jina la tamthilia, kwenye nakala yake ya kazi za Shakespeare. Kwake hilo ndilo lilikuwa jina lenyewe.

Kisa cha binti anayesingiziwa na kukataliwa na mchumba wake Shakespeare alikikuta tayari kwa mwandishi Mwitaliano, Bandello. Beatrice na Benedick kwa sehemu kubwa aliwaumba mwenyewe, na inaonekana. Ukirudi nyuma zaidi, kwenye komedi za Kirumi, binti anayegombewa mara nyingi hana hata sauti. Katika Andria ya Terence, ya mwaka 166 KK, Glycerium anasikika akilia kwa uchungu wa uzazi ndani ya nyumba, basi. Jukwaani haonekani. Hero ni wa ukoo huo.

Tazama uchumba wao unavyokwenda. Claudio anaanza kwa kuuliza kama Leonato, baba wa binti, ana mtoto wa kiume, maana anataka kujua mali itarithiwa na nani. Kisha anamwachia bwana wake, Don Pedro, akamtongoze Hero kwa niaba yake, tena akiwa amevaa kinyago. Posa inapokubaliwa (sehemu ya 2, onyesho la 1), Beatrice anamhimiza binamu yake aseme neno. Hero anamnong'oneza Claudio sikioni. Sisi hatusikii kitu. Beatrice ndiye anayetuambia kilichosemwa. Mtazamaji atawashabikiaje wapenzi ambao hajawasikia wakizungumza wao kwa wao?

Wengi watakwambia Beatrice na Benedick wana nguvu kwa sababu wanachekesha. Sikubali. Vichekesho vinatufanya tuwasikilize, lakini havitoshi kutufanya tuwaamini. Sisi watu wa Kusini hili hatuhitaji kufundishwa: mtani anakusimanga mwaka mzima, na siku ya msiba ndiye unayemkuta kashika jembe makaburini. Kwenye komedi wapenzi wapime hivyohivyo. Mambo yakiharibika, nani anabaki, na anatoa nini?

Yanaharibika kanisani, sehemu ya 4, onyesho la 1. Usiku wa kuamkia harusi Claudio kaonyeshwa kwa mbali mwanamke dirishani na mwanamume, akaamini ni Hero. Hamwulizi faragha. Anasubiri hadi mbele ya padri, anamwaibisha, anaondoka na Don Pedro. Benedick ni askari wao na rafiki yao, lakini haondoki nao. Anabaki na Beatrice anayelia, na hapo ndipo wanapoambiana kwamba wanapendana. Benedick anamwambia aamuru lolote. Beatrice anajibu: "Muue Claudio." Benedick anakataa papo hapo, Beatrice anataka kuondoka, Benedick anamzuia na kumwuliza swali moja tu: je, moyoni mwako unaamini Claudio amemdhulumu Hero? Anaamini. Basi, Benedick anakwenda kumwita rafiki yake kwenye pambano la upanga na kumuaga Don Pedro.

(Ukumbi ukicheka kwenye "Muue Claudio", binti anayecheza Beatrice asishtuke. Asitabasamu, asiharakishe. Kicheko kitakatika chenyewe.)

Wanafunzi waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya The Merchant of Venice ya Shakespeare, wakumbushe pete. Bassanio aliapa kutoivua pete aliyopewa na mkewe Portia, akaitoa, na Portia anamsuta mbele yetu mpaka anaomba radhi. Wameteleza, lakini wameongea. Claudio anaaminishwa kwamba Hero amekufa, anakubali kuoa bibi harusi mwingine aliyejifunika, na Hero anapofunua uso mwishoni, anasema "Hero mwingine!" na baada ya hapo hana neno tena kwake. Mwandishi kakuachia shimo hapo, na kulifukia ni kazi yenu.

Kwanza, usikate onyesho la kaburini, sehemu ya 5, onyesho la 3. Shule nyingi zinalikata ili kuokoa muda, kisha zinashangaa Claudio kuchukiwa. Hapo ndipo peke yake tunapomwona akiomboleza. Mizaha anayomfanyia Benedick katika onyesho la 1 la sehemu hiyohiyo, wakati anadhani Hero amekufa, ndiyo ya kupunguza. Futa pia mstari wake kwamba atamwoa bibi harusi aliyejifunika hata kama ni Mwethiopia. Alimaanisha hata kama ni mweusi, na mbele ya wazazi wa Masasi huwezi kumwokoa tena baada ya hapo.

Hero mwongezee macho badala ya maneno. Kila Claudio anapozungumza na wanaume wenzake kwenye maonyesho ya mwanzo, binti awe anaonekana, anamsikiliza, na Claudio akamatwe akimtazama mara mbili tatu. Kanisani, kabla ya kutukanwa, acha ashike mkono wa Claudio mapema kidogo kuliko inavyotakiwa. Claudio atakapouvuta mkono wake, soga itakwisha.

Kuhusu waigizaji, kama lazima ubadilishe, fanya kinyume cha unavyowaza: mchukue kijana anayecheza Benedick, kama ndiye hodari kuliko wote, umpe Claudio. Benedick ameandikwa vizuri kiasi kwamba hata kijana wa wastani atashangiliwa, mradi maneno yasikike hadi viti vya nyuma.