Mtakwimu kijana, omba fomu kabla ya data

Wadogo zangu wanaomaliza shahada ya takwimu na kutaka kuingia kwenye utafiti wa mbinu za majaribio ya tiba huanza na swali lilelile: nisome R au Stata, programu mbili za takwimu? Soma yoyote. Kinachosumbua ni kupata swali la kutafiti, na katika fani yetu maswali mazuri hutoka pale jaribio halisi linapokataa kanuni za vitabuni.

Chukua jaribio la Mwanza lililotoa matokeo mwaka 1995. Watafiti walitaka kujua kama kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya vijijini kutapunguza maambukizi mapya ya VVU. Huwezi kumgawa mgonjwa mmoja mmoja kwa nasibu hapo, yaani kama kwa kura, huyu apate huduma mpya na yule asipate. Huduma ikiboreshwa kituoni, kila anayeingia anaipata, na aliyetibiwa na asiyetibiwa wanaishi nyumba moja. Ikabidi zigawiwe jamii nzima: jamii 12, zikapangwa jozi 6, na katika kila jozi jamii moja ikatangulia kupata huduma mpya. Katika jamii zilizotangulia, maambukizi mapya yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko katika jamii wenza.

Utamu uko kwenye hesabu. Watu wa jamii moja hufanana kuliko watu waliotawanyika nchi nzima, kwa hiyo kila mmoja anakupa taarifa pungufu kidogo. Tuseme una watu 1,000 katika kila jamii, na kipimo cha mfanano wao ni 0.002 tu. Kizidisho cha sampuli, yaani mara ngapi unahitaji watu zaidi kuliko ungegawa mtu mmoja mmoja, kinakuwa 1 + (999 × 0.002), karibu 3. Watu wako 12,000 wanabeba uzito wa 4,000! Kuongeza watu katika jamii zilezile husaidia kidogo tu. Inabidi kuongeza jamii, yaani magari, mafuta na vikao na wenyeviti wa vijiji. Richard Hayes, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa jaribio hilo, aliendelea kwa miaka mingi kuzifanyia kazi mbinu za majaribio ya namna hii.

Mimi nilianzia chumba cha data, kazi ambayo wenye shahada huikimbia. Kwenye kompyuta niliona watoto wengi wa jaribio letu wamekosa mahudhurio ya marudio, na mkono wangu ukataka kuwachukulia kama waliopotea kwa bahati tu. Muuguzi mmoja ndiye aliyenieleza kuwa msimu wa kupanda akina mama huhamia mashambani, na kwamba mama ambaye mtoto wake amepata nafuu ndiye wa kwanza kuondoka. Waliokosekana walikuwa na hali tofauti na waliobaki. Mada yangu ya uzamivu ilitoka kwa muuguzi yule. Profesa aliisaidia tu kuvaa alama za hesabu.

Ukipata nafasi ya kuandaa ripoti za kamati huru ya usalama, ile inayopitia data jaribio likiendelea na kushauri liendelee au lisitishwe, usiikatae, hata kama jina lako halitaonekana kwenye makala. Jaribio la FEAST lilifanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwemo. Watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, au hawakupewa. Wengi waliamini maji yale yanaokoa. Januari 2011 usajili ulisitishwa kwa ushauri wa kamati: katika saa 48, waliokufa walikuwa asilimia 7.3 ya wasiopewa, na karibu asilimia 10.5 ya waliopewa. Kwa maoni yangu hakuna darasa linalofundisha kanuni za kusitisha jaribio kama kukaa karibu na kamati ya aina hiyo.

Kwa hiyo wiki yako ya kwanza kazini, omba itifaki (mpango ulioandikwa wa jaribio) na fomu tupu za kukusanyia data kabla ya kugusa data yenyewe, kisha kaa kliniki uone zinavyojazwa. Daktari mkuu atakushangaa kidogo. Na jihadhari na mikataba: mingi hufungwa na mradi, fedha zikiisha nawe unaondoka. Wazo lako la mbinu liandikie pendekezo na uombe ruhusa ya data wakati mradi bado uko hai, kwa sababu timu ikishatawanyika, hata kumpata wa kukusainia ni kazi.