Sinthesaiza Ndani ya Albamu ya Roki: Anzeni na Besi

Bendi nyingi za Kampala zinazotaka albamu ya roki yenye ladha ya sinthi-popu, yaani popu inayoongozwa na sinthesaiza, hurekodi dramu, magitaa na sauti kwanza, halafu sinthesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme) humiminwa juu mwishoni kama mchuzi. Hapo wimbo hujaa tope. Sinthesaiza iingie mapema, na kabla haijaingia, amueni nani anashika chini.

Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema kwa 41 Hz, yaani mara 41 kwa sekunde. Besi ya sinthesaiza hukaa papo hapo, na dramu kubwa ya mguu nayo haiko mbali. Watatu hao wakipiga kwa pamoja, spika inanguruma na noti hazisikiki. Kwa kila wimbo chagueni mmoja. Mkichagua sinthesaiza, mpiga besi apande oktavu moja. Peter Hook, mpiga besi wa bendi ya Uingereza New Order, alijulikana kwa melodia zake za noti za juu. Sauti ndefu za kutandaza zikatwe chini ya 200 Hz, magitaa chini ya 100. Ukisikiliza gitaa peke yake litaonekana limekonda. Liache hivyo hivyo.

Mpiga dramu asikie mfuatano wa sinthesaiza, yaani noti zake zinazojirudia, kwenye hedifoni, si mdundo wa metronomu tu. Mfuatano una noti nne ndani ya kila pigo, kwa hiyo akichelewa anajisikia mara moja. Mwangwi pia ufuate mwendo: gawanya 60,000 (milisekunde za dakika moja) kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Kwa 120, unapata milisekunde 500.

Magitaa yapimwe kwa sinthesaiza kabla ya kila rekodi. Chumba kikipata joto nyuzi hulegea na sauti hushuka, lakini sinthesaiza ya kidijiti haishuki nazo.

Mvumo wa umeme ndio adui mkubwa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na noti ya G ya chini kwenye besi ni 49 Hz, kwa hiyo ukiukata mvumo kwa ikwalaiza (kifaa cha kupunguza au kuongeza masafa ya sauti) umekata na noti. Uzuieni mwanzoni: kompyuta, mikseri na sinthesaiza vichomekwe kwenye ekstensheni moja, na sinthesaiza ipitie kisanduku cha DI (kinachounganisha ala na mikseri kwa waya) chenye swichi ya kutenganisha athi. Pini ya athi kwenye plagi msiikate kamwe, kuikata kunaweza kuua mtu. Inveta za bei rahisi huleta mkwaruzo mkali. Tafuteni ya mawimbi laini.

Mvua ikianza kupiga mabati, maikrofoni hazifai tena. Alasiri hizo ni za sinthesaiza, maana inaingia kwa waya. Rekodini sauti yenyewe bila mwangwi wa ndani, na midi (kumbukumbu ya noti zilizopigwa, si sauti) pembeni, ili mlio ubadilike baadaye bila kupiga upya. Kama mashine ni ya analogi isiyohifadhi mipangilio, pigeni picha ya vitufe vyote kwa simu kabla ya kuizima.