Beji ya SS sio SS: nilivyouziwa Chevelle ya 1969 na jinsi ya kulihoji gari kabla hujatoa hela

Wakuu, kuna dogo mmoja wa Mwanza yuko Texas, juzi kanitumia picha kumi na mbili za Chevelle nyeusi ina mistari myeupe kwenye boneti, anauliza "kaka hii SS 396 ya ukweli au napigwa?" (Chevelle ni gari la Chevrolet, SS ni Super Sport, toleo lake la nguvu, na 396 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo.) Nikaanza kumjibu kwa voice, dakika saba zikaisha hata sijafika kwenye injini, nikaona bora niandike yote hapa maana yeye sio wa kwanza kuniuliza na mi mwenyewe swali hilo nililijibu nikiwa nimeshalipa.

Nimekulia gereji za Gerezani, Dar, sasa hivi ni fundi huku Ohio mwaka wa tisa. Nasema hivo sio kujisifu, nataka ujue kwamba ufundi peke yake haukunisaidia kitu. Mwaka ule nilikuwa na kahela kangu nimekaweka miaka minne, nikaiona Chevelle ya 1969, ya bluu, beji za SS 396 mbele, ubavuni na nyuma, injini ile kubwa ndani, inanguruma mpaka kifua kinatetemeka. Mzee muuzaji mpole, katukaribisha chai ya baridi na mke wangu. Nikatoa dola 41,000. Wife aliuliza swali moja tu, "umeangalia chesisi namba?" nikamwambia nimeangalia inalingana na karatasi, twende.

Na ilikuwa inalingana kweli. Hapo ndo pa kwanza pa kuelewa. Sisi Bongo tumezoea kadi ya gari ina chesisi namba na injini namba zote mbili, ukilinganisha unalala usingizi. Huku Marekani karatasi ya umiliki ina VIN tu (ndo chesisi namba yao), injini haipo, na wala haitakwambia kama gari ni SS. Gari langu kwenye karatasi ni Chevrolet Chevelle 1969, basi, kila kitu kingine ni maneno ya mzee na beji ambazo mtu yeyote anaagiza kwa simu zinafika Alhamisi.

Sasa tuje kwenye VIN yenyewe. Magari ya kabla ya 1981 hayana zile tarakimu 17 za siku hizi, Chevelle ya 1969 ina 13. Yangu inaanza 136379B. Hiyo 1 ni Chevrolet, 36 ni Malibu (daraja mojawapo la Chevelle) yenye V8, yaani silinda nane, 37 ni bodi ya milango miwili isiyo na nguzo katikati, 9 ni mwaka, B ni kiwanda cha Baltimore, zinazobaki sita ni namba ya foleni pale kiwandani. Umeona SS hapo? Haipo. Na haitakuwepo, kwa sababu mwaka 1969 Chevrolet waliifanya SS 396 kuwa kifurushi cha kuongeza, kodi (code) yake Z25, mteja anaagiza Malibu au hata 300 Deluxe kisha anaongeza hicho. Ukitaka VIN ikwambie SS rudi nyuma, 1966, 1967 na 1968, hizo SS 396 zilikuwa modeli yake peke yake, namba zinaanza 138. Ukikuta ya 1967 inaanza 136 na ina beji za SS, aga kwa heshima uondoke. Na kwa 1969 kuna mtego mdogo mzuri: ikianza 135 hiyo ilizaliwa na injini ya silinda sita, hamna cha kujadili, SS haikuwahi kutoka hivo. Ila 136 haithibitishi chochote, inasema tu ilikuwa na V8, na V8 ya kawaida kabisa ya Malibu mwaka huo ilikuwa 307 ya farasi 200, injini ya mama wa sokoni.

Wenye GTO ya Pontiac nao wana ya kwao kama hiyo lakini imegeuka, 1964 na 1965 GTO ilikuwa kifurushi kwa hiyo VIN haisemi, 1966 mpaka 1971 inaanza 242. Kwa hiyo usikariri sheria ya gari moja ukaenda nayo kwenye gari jingine.

Kibati cha VIN kwenye dashibodi (kuanzia 1968 kinaonekana kupitia kioo cha mbele, kabla ya hapo kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva) angalia ribiti zake. Za General Motors (kampuni mama ya Chevrolet) miaka hiyo zina umbo la ua lenye petali sita. Ukiona ribiti za duara za dukani au alama za bisibisi pembeni, hapo sio suala la bei tena, ni suala la polisi, kuchezea VIN huku ni kosa la jinai la nchi nzima na gari linaweza kuchukuliwa ukabaki na funguo. Ribiti za ua nazo siku hizi zinatengenezwa, kwa hiyo usiishie hapo, kipande cha namba hiyohiyo kiligongwa pia kwenye fremu upande wa dereva kule nyuma. Ingia chini na brashi ya waya uitafute.

Haya. Mi nilikaa na gari langu miezi mitano nikiwa mfalme. Siku moja stata ikafa. Jumamosi asubuhi nimeinua gari, nimelala chini kwenye kadibodi, tochi mdomoni, nafungua stata upande wa abiria. Kuifuta ile grisi ya miaka ubavuni mwa bloku nikaona herufi zimetokeza kwenye chuma, zile za kumwagwa pamoja na bloku yenyewe sio za kugongwa: K 14 9. Nikatabasamu nikajua nimekutana na tarehe. Herufi ni mwezi, A ni Januari, B Februari, unahesabu hivo mpaka L ambayo ni Desemba. K ni Novemba. Tarehe 14 Novemba 1969.

Nikatoa tochi mdomoni.

Kwa sababu kibati cha bodi, kile kilichopo kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, kinasema 02C. Yaani mwezi wa pili, wiki ya tatu. Gari langu lilitengenezwa Februari 1969, na injini yake eti imemwagwa Novemba mwaka huohuo, miezi tisa baadaye. Gari limezaliwa kabla ya moyo wake. Nikatoka chini haraka nikaenda juu, kwenye kale ka-uwanja kadogo ka chuma mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria ambako kiwanda kiligonga kodi ya injini. Pale pameandikwa vizuri kabisa T0207JA, T maana yake kiwanda cha Tonawanda, New York, 0207 ni Februari tarehe 7, JA ni aina ya injini, na pembeni kipande cha VIN yangu, 19B na zile sita za mwisho. Kila kitu kinalingana! Ila bloku ambayo itamwagwa Novemba imeunganishwa injini Februari. Mtu aliigonga upya ile namba. Alijua kodi, alijua mpangilio, akasahau tu kwamba chini karibu na stata kuna tarehe ambayo hawezi kuifuta bila kuacha kidonda.

Nikaenda kuchukua spreya ya kusafishia kabureta na kitambaa (jamani KITAMBAA, usipitishe msasa hapo hata siku moja, utafuta ushahidi wako mwenyewe), nikapasafisha nikamulika kwa pembeni. Bloku ya kiwandani pale juu ina mistari myembamba sana iliyonyooka sambamba toka mbele kwenda nyuma, ni alama za mashine iliyosawazisha chuma. Yangu ilikuwa laini kama sahani. Mtu kasawazisha, kafuta za zamani, kagonga zake. Ningeangalia hiyo mistari siku ya kununua, dakika mbili tu, ningebaki na hela yangu.

Kwa hiyo kama utabeba kitu kimoja toka kwangu ni mfuatano wa tarehe. Bloku inamwagwa kwanza, halafu injini inaunganishwa, halafu gari. Kawaida ni siku kadhaa au wiki kadhaa kati ya hatua na hatua. Hedi, manifoldi, gia boksi, difu, vyote vina tarehe zake na vyote lazima viwe vimezaliwa kabla ya gari. Gia boksi nayo iligongwa kipande cha VIN. Muuzaji akikwambia "namba zote zinalingana" muulize namba zipi, moja moja, utashangaa anavyoanza kukohoa.

Baadaye nilishusha tanki la mafuta, nikijua kabisa natafuta nini. Wafanyakazi wa kiwandani walikuwa wanaacha ile karatasi ya maelekezo ya gari popote, juu ya tanki, ndani ya springi za kiti, chini ya zulia. Yangu ilikuwa juu ya tanki, robo imeliwa na kutu, ila zilizobaki zinasomeka. 307. Gia otomatiki ya Powerglide, mbili tu. Hata kibati cha bodi kilikuwa kinaniambia muda wote mi sisikii, rangi 57, ambayo ni kijani cha Fathom, na mi nimenunua gari la bluu nikasema ah watu hubadili rangi. Kweli hubadili, lakini anayebadili rangi hubadili na mengine.

Kuhusu dalili za nje, SS ya 1969 ilitoka na breki za disk mbele na kwa kawaida difu ya bolti 12 badala ya 10. Angalia, lakini usizipe uzito mkubwa. Difu inahamishwa jioni moja na watu wawili na krati ya bia. Kukosekana kwake kunakutia wasiwasi, kuwepo kwake hakukutulizi. Hicho ni kipimo changu kwa karibu kila kitu kinachofungwa kwa bolti.

Makaratasi ndo utajiri. Chevrolet wa Marekani hawana faili la gari mojamoja la miaka ile, kwa hiyo unategemea karatasi ya kiwandani, risiti ya muuzaji wa kwanza, au ile sahani ndogo ya chuma ya waranti inaitwa Protect-O-Plate. Kama gari liliuzwa mpya Canada una bahati ya mtende, General Motors wa kule walitunza rekodi na wanakupa kwa ada. Pontiac pia una pa kwenda, PHS (huduma ya historia ya Pontiac) wana nakala za ankara za kiwandani. Ford kuanzia 1967 unaagiza Marti Report, inakupa gari lilivyotoka na injini, rangi, difu. Magari ya Chrysler kuanzia 1966 tarakimu ya tano ya VIN ndo injini, kwa mfano 1970 na 1971 R ni ile injini ya Hemi 426 ambayo watu wanauana kwa ajili yake. Chevrolet wao waliweka herufi ya injini kwenye VIN kuanzia 1972, wamechelewa sana kwa waliolia kama mimi. Na karatasi za kiwandani bandia zipo, zinachapwa mpaka zinapakwa chai zionekane za zamani, kwa hiyo karatasi nayo unailinganisha na chuma.

Kosa langu jingine lilikuwa la kalamu. Mkataba wa mauzo umeandikwa "Chevrolet Chevelle 1969, inauzwa kama ilivyo". Nilipompigia mzee akasema na yeye aliuziwa hivohivo akijua ni SS, na mi namwamini kwa kweli, mwanasheria akasoma ile karatasi sekunde kumi akanirudishia. Kama muuzaji anasema ni SS 396 orijino yenye injini yake, mwambie aiandike hivo na asaini. Wengi hapo ndo sentensi inabadilika inakuwa "kwa ninavyojua".

Sisemi kloni (gari la kawaida lililovalishwa liwe SS) ni gari baya. Langu nalipenda, injini kubwa ni injini kubwa (kwa tarehe ile ya Novemba ni ya modeli ya 1970 tena, wakati 396 ilishapanuliwa kuwa inchi 402 na beji ikabaki 396, hata kiwanda kilikuwa na uongo wake mdogo). Shida ni bei, kama Malibu iliyotengenezwa upya ningempa mzee dola elfu 24 au 25 tukashikana mikono. Beji za mbele na nyuma nimeshazitoa, za ubavuni bado maana mashimo yake yanataka kuzibwa na rangi sina hela.

Kwa dogo wa Texas: VIN inaanza 136, sawa, tunaendelea. Picha ya ule uwanja wa injini aliyotumiwa imepigwa toka mbali na fleshi, haionyeshi mistari. Nikamwambia muombe muuzaji picha ya tarehe ya bloku, ile ya ubavuni karibu na stata. Jibu limekuja jana, jamaa anasema kwa sasa haiwezekani kuingia chini ya gari kwa sababu liko juu ya stendi.