Vikombe vya babu: tuvisugue au tuviache?

SWALI: Babu mzaa mama alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Ametuachia vikombe vitatu vilivyopiga weusi. Viwili vina picha ndogo ya simba na nanga, cha tatu kimeandikwa EPNS. Jina lake linasomeka kwa taabu. Kaka zangu wanataka tuvisugue ving'ae, kisha tuviuze. Unashaurije?

JIBU: Ndugu yangu, ificheni dawa ya kung'arishia leo hii! Kila mkisugua mnaondoa madini ya fedha kidogo, na maandishi ndiyo yanayotangulia kufifia. Wala msimpe fundi ayachonge upya. Vumbi lifuteni kwa kitambaa laini cha pamba, basi.

Simba huyo ni alama ya Uingereza ya fedha yenye usafi wa sehemu 925 kwa 1,000. Nanga ni alama ya mji wa Birmingham, kilikopimwa na kupigwa mhuri, na herufi iliyo kando yake huonyesha mwaka kikombe kilipopigwa mhuri. Linganisheni mwaka huo na miaka aliyokimbia babu. Cha EPNS ni cha madini ya nikeli, shaba na zinki yaliyochovywa fedha; utando huo ni mwembamba, mkiusugua sana utatoboka.

Lakini msikidharau. Spiridon Louis, mchota maji wa Marousi, alishinda marathoni ya Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 1896 akapewa kikombe cha fedha cha sentimita 15 hivi. Ukoo wake ulikitunza hadi mjukuu alipokipeleka mnadani London mwaka 2012, kikauzwa pauni 541,250. Fedha ya kikombe kidogo namna ile haifikii hata chembe ya bei hiyo. Kilichonunuliwa ni mbio zile, na uhakika kwamba kikombe hakikuwahi kutoka mikononi mwa ukoo.

Uhakika huo ndio mnaopaswa kuujenga ninyi. Tafuteni picha za babu akiwa na vikombe, vipande vya magazeti, barua, hata namba ya kifuani. Pigeni picha kila upande wa kila kikombe. Kuuza si dhambi, ila msivitenganishe, na karatasi zake ziende navyo. Mimi ningeanza kwa kuuliza kipi alikipata kwa mbio ngumu kuliko zote. Kikiwa ni hicho cha EPNS, hicho kisingetoka nyumbani.

Kama mama yenu yupo, kaeni naye wiki hii, mkiwa na vikombe mezani, mrekodi anayoyakumbuka.