Jibu: Major Taylor alikuwa mwanajeshi?

Habari ndugu. Unaandika kuhusu Major Taylor, mwendesha baiskeli wa mashindano wa Marekani, na umekwama kwenye "Major" (meja): kama ni cheo cha jeshi, mbona kikosi chake hakionekani popote? Acha kukitafuta, hakuna. Nami nilihangaika hivyo hivyo nilipoandaa bango la klabu yetu ya baiskeli.

Anza na jina la kuzaliwa: Marshall Walter Taylor, Indianapolis, 1878. Akiwa kijana aliajiriwa na duka la baiskeli, akawa anafanya vituko juu ya baiskeli nje ya duka kuvuta wateja, amevaa sare ya kijeshi. Watu wakamwita Major, likamganda.

Halafu usiandike "bingwa wa dunia wa kwanza Mweusi" hivi hivi. Bondia George Dixon wa Kanada alimtangulia. Sema "wa kwanza katika baiskeli": alishinda mbio za maili moja, Montreal, Kanada, 1899.

Nafasi ikibaki, weka habari ya kaburi. Alifariki Chicago mwaka 1932 hana kitu, akazikwa kimaskini. Mwaka 1948 waendesha baiskeli wa zamani walimfukua wakamzika upya kwa heshima, kwa fedha za Frank Schwinn, mwenye kiwanda cha baiskeli. Kwenye bango letu, watu walisimama hapo zaidi kuliko kwenye picha.