Eksirei peke yake haikupi msongamano wa gesi

Mkuu, umeuliza kama uamini msongamano wa gesi inayouzunguka mlipuko, uliopewa na programu baada ya kuilisha data ya eksirei tu, ya mwanga unaofifia kufuatia mlipuko wa miale ya gamma. Usiuamini. Mimi niliuamini, nikapoteza miezi.

Jibu langu lilikuwa safi, na kiwango cha makosa kidogo mno. Siku moja nikapanua mipaka ya msongamano niliyokuwa nimeiwekea programu, na ule msongamano ukahama nayo. Kumbe data haikuwa imesema lolote, nilikuwa nasoma mipaka yangu mwenyewe. Iliniuma sana.

Chanzo chake ni fizikia yenyewe. Wimbi la mshtuko la mlipuko linapojikita kwenye gesi iliyo mbele yake, elektroni huzunguka ndani ya ugasumaku na kutoa mwanga wa sinkrotroni, yaani ule unaotolewa na elektroni ziendazo kasi zikipindishwa na sumaku. Zile zenye nishati kubwa hupoa upesi, na spektra hupinda pale tunapopaita masafa ya kupoa. Eksirei mara nyingi ziko juu ya masafa hayo. Huko elektroni hutoa karibu nishati yake yote, gesi iwe nzito au nyepesi, na msongamano unatoweka kwenye mlinganyo. Nishati nayo inabaki imefungamana na fungu lililokwenda kwa elektroni.

Kabla ya kompyuta, shika kalamu. Kipeo cha mgawanyo wa elektroni (jinsi idadi yake inavyopungua kadiri nishati inavyokua) kikiwa 2.2, juu ya masafa ya kupoa mwanga hushuka kadiri muda unavyopita kwa kipeo cha 1.15 (huu ndio mteremko), gesi iwe imetandaa sawasawa au iwe upepo wa nyota iliyokufa. Tofauti hujitokeza chini yake, kwenye mwanga wa kawaida: 0.9 kwa gesi iliyotandaa, 1.4 kwa upepo. Mimi niliokolewa na data ya redio, iliyo chini ya masafa hayo.

Hesabu hizi zinataka mkondo, yaani mchirizi mwembamba wa mata unaorushwa na mlipuko, uwe unatuelekea. Mlipuko wa tarehe 17 Agosti 2017, ulioambatana na mawimbi ya mvutano, eksirei zake zilionekana baada ya siku 9, na mwanga ukapanda kwa takriban miezi mitano, kwa kuwa tuliutazama mkondo kwa ubavu.

Weka hapa mteremko wa eksirei na wa mwanga wa kawaida kwa siku zilezile, na utaje sekunde uliyoihesabu kuwa sifuri, yaani mwanzo wa mlipuko. Ukikosea hiyo, miteremko ya mwanzo yote inapotoka.