Dawa ya deni ni kulipa, lakini uanze na lipi?

Mwezi Februari 2025 nilipanda daladala kutoka Tabata mpaka Posta, hapa Dar es Salaam, nikiwa na shilingi milioni moja kwenye mkoba, nimeukumbatia njia nzima. Nilikuwa naipeleka benki kupunguza mkopo wangu kabla kazi haijaota mbawa. Nilitoka pale dirishani nimeshika risiti, nikajiona mtu mwenye akili. Katika maamuzi yote niliyoyafanya mwaka ule, hilo ndilo lililoniumiza zaidi, na ndilo linalonifanya niandike haya. Najua kuna mtu sasa hivi ana akiba yake kidogo, ana deni, amesikia fununu ofisini, na mguu mmoja uko mlangoni anakwenda kufanya kama mimi.

Nilikuwa naajiriwa na mradi wa afya. Kazi yangu ilikuwa kuhakiki takwimu za wagonjwa kwenye vituo vya afya, leo Buguruni, kesho Mbagala. Fedha za mradi zilitoka Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 ikatoka amri kule ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na baada ya siku chache tukaambiwa tubaki nyumbani tusubiri. Ile miezi miwili ya kusubiri ilinitesa kuliko barua yenyewe ya kuachishwa iliyokuja mwisho wa Machi. Unaamka, unavaa, huna pa kwenda, na kila simu ikiita moyo unaruka.

Mshahara wangu ulikuwa 1,400,000. Ukitoa kodi ya mapato na makato ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ukatoa asilimia 15 ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ukatoa rejesho la benki la 281,000, mkononi ilikuwa inafika kama 563,000. Mkopo wa benki ulikuwa wa milioni nane, niliuchukua Machi 2023 kwa miezi 36. Kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, nilikuwa nadaiwa 900,000. Kwa Mangi mwenye duka hapa mtaani, 85,000 ya unga, mafuta na sabuni. Mume wangu ni fundi umeme wa kuitwa, kuna wiki anaingiza vizuri na kuna wiki hakuna hata taa moja ya kubadilisha. Akiba yangu yote ilikuwa 1,300,000, na kimsingi ilikuwa kodi ya nyumba, maana tunalipa miezi sita kwa mpigo na zamu ya kulipa ilikuwa Aprili.

Milioni moja nikaipeleka benki. Nilijiambia deni kubwa ndilo la kulishambulia.

Nilichokuja kukielewa baadaye, na naomba ukishike, ni hiki: ukipeleka fungu benki kupunguza mkopo wa mshahara, hujajinunulia hata siku moja ya kupumua. Rejesho la mwezi unaofuata liko palepale. Afisa mikopo alinionyesha kwenye kompyuta yake kwamba ile milioni ilikuwa imefupisha mkopo kwa miezi kama minne, lakini miezi iliyofupishwa ni ile ya mwisho. Ya karibu, ambayo sikuwa na mshahara wa kuilipia, ilikuwa inanisubiri. Na fedha ikishaingia kule huwezi kurudi kusema nirudishieni nusu, watoto hawajala.

Aprili ikafika. Baba mwenye nyumba alikuwa mwungwana, akakubali miezi mitatu badala ya sita, 600,000. Nilikuwa na 300,000 iliyobaki, mume wangu akatoa laki. Ile laki mbili iliyopungua ndiyo iliyonipeleka kwenye mikopo ya simu, hii ambayo watu wanaiita kausha damu. Niliomba 150,000, ikaingia 112,500, nyingine walikata palepale kama gharama, na baada ya siku 14 natakiwa kurudisha 150,000 kamili. Piga hesabu mwenyewe: ni theluthi nzima ya fedha niliyoipata, kwa wiki mbili. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa mikopo midogo wenye leseni. Mimi sikujua wala sikuuliza. Nilichojua ni kwamba mwenye nyumba anasubiri.

Wa kwanza nikamlipa kwa kukopa kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu. Katikati ya Mei walikuwa wanne na deni limefika 610,000. Nilikuwa nimeshabonyeza kukubali kila kitu walichokiomba, pamoja na orodha ya majina kwenye simu yangu. Siku niliyochelewa, ujumbe ukaenda kwa shemeji yangu, kwa mwalimu wa mwanangu, na kwa mama anayenishonea nguo, kwamba mimi ni tapeli na wanifikishie salamu. Shemeji akampigia mume wangu. Hivyo ndivyo mume wangu alivyojua kwamba tuna madeni ambayo hakuwahi kuyasikia.

Hakufoka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nje, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, “Mama, kwa hiyo usiku ulikuwa hulali kwa haya, halafu asubuhi unaniambia umeumwa kichwa?” Nililia kama nimefiwa. Usiku ule tulichukua daftari la mtoto la hesabu, tukafungua ukurasa wa nyuma, tukaandika kila deni. Aliyetudai, kiasi, na kitu kimoja ambacho mume wangu ndiye aliyekifikiria: tusipomlipa huyu mwezi huu, atatufanya nini?

Swali hilo ndilo lililogeuza kila kitu. Mimi nilikuwa nayapanga madeni kwa ukubwa. Mtu mwenye kazi ya uhakika anaweza kuyapanga kwa ukubwa au kwa riba, akalipa moja baada ya jingine kwa utulivu. Mtu ambaye hajui kama mwezi ujao atakuwa na mshahara hana budi kuyapanga kwa madhara, na kabla ya deni lolote aweke kando paa na chakula. Ukikosa kodi ya nyumba utaikopa kwa masharti yoyote yatakayokuja, na deni hilo jipya litakuwa baya kuliko lile ulilokuwa unakimbilia kulimaliza.

Kwa mfano deni la bodi ya mikopo. Makato yake yanafuata mshahara, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa inaongezwa kila mwaka ilifutwa mwaka 2021. Kwa hiyo katika orodha yetu lilikaa mwisho kabisa. Mangi alipanda juu ya benki, maana siku Mangi akifunga daftari lake, sisi tunalala njaa. Nilikwenda nikamwambia ukweli, nikaanza kumpa elfu tano tano kila Jumamosi. Hakuwahi kuninyima unga.

Kikoba nilikiogopa kuliko vyote, maana wale ni watu ninaokutana nao kisimani, msibani, kanisani. Mwezi wa tatu sikwenda kikaoni, nikatuma ujumbe kwamba nasafiri. Uongo. Mei nikaenda, nikasimama, nikasema kazi imeisha, 900,000 sina, naweza 50,000 kwa mwezi. Mwenyekiti wetu ni mama anayeuza samaki Feri, hana maneno mengi. Akasema, “Mwanangu, ungekuja Machi tusingekuandikia faini. Anayetutia hasira ni anayejificha.” Walinifutia faini ya mwezi mmoja, ya mwezi mwingine nikailipa, na 50,000 wakaikubali.

Benki nao waliniambia maneno yanayofanana na hayo, kwa lugha ya benki. Nilikwenda katikati ya Mei na barua ya kuachishwa kazi. Rejesho likichelewa zaidi ya siku 90 mkopo unahesabiwa kuwa chechefu, yaani usiolipwa inavyotakiwa, na jina lako linakwenda na doa kwenye kanzidata ya taarifa za wakopaji, ambako kila benki inachungulia. Nilikuwa nimebakiza wiki kadhaa tu. Yule afisa alinisikiliza, akaniuliza kwa nini sikuja Februari nikiwa bado na hati ya mshahara, maana mkopo wa mtu mwenye mshahara ni rahisi zaidi kuupanga upya. Sikuwa na jibu. Februari nilikuwepo palepale benki, hatua kumi kutoka meza yake, nikipeleka milioni moja dirishani bila kumuuliza mtu yeyote swali.

Tulipanga upya. Rejesho likashuka kutoka 281,000 hadi 120,000 kwa miezi 24. Jumla ya riba nitakayolipa imeongezeka, hilo nalijua na nimelikubali. Ukienda na wewe, uliza pia kuhusu bima ya mkopo. Karibu kila mkopo wa mshahara una bima ambayo umekatwa siku ya kwanza. Yangu ilihusu kifo na ulemavu wa kudumu tu, lakini kuna mikataba inayogusa hata kupunguzwa kazini, na wenye nayo wengi hawajawahi kuifungua wakasoma.

Wale wa kwenye simu tuliwamaliza Juni, stahiki zangu zilipotoka. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nimeona wenzangu wakipoteza fedha zao kwa kuona aibu ya kudai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Ukiwa umefanya kazi mfululizo angalau miezi 12 na hukuachishwa kwa utovu wa nidhamu, kuna kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, kikomo miaka kumi. Mimi nilikuwa na miaka mitano, kwa hiyo siku 35, juu yake siku za likizo ambazo sikuwa nimezichukua. Kwenye karatasi ya kwanza niliyopewa kusaini likizo haikuwepo. Nilikataa kusaini kwa upole, nikaomba waipitie tena, wakairekebisha. Kama unaona umeachishwa isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ndani ya siku 30. Usikae nyumbani miezi mitatu ukingoja huruma.

NSSF nako kuna fao la kukosa ajira. Mtu aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi mwenyewe analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwangu ilikuwa kama 466,000 kwa mwezi. Nenda na barua, nenda mapema, na kabla ya hapo hakikisha mwajiri amekuwa akipeleka michango kweli. Unaweza kuangalia taarifa zako ukiwa bado kazini, na ni bora ugundue pengo wakati ule kuliko siku unayoihitaji.

Kuhusu wale wakopeshaji wa simu, kuna jambo nilichelewa kulijua. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Wawili kati ya wanne wangu niliwakuta humo, miezi sita baada ya tangazo. Na kutumia namba za watu wako kukudhalilisha ni jambo unaloweza kulipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwani sheria ipo tangu mwaka 2022. Mwalimu wa mwanangu hadi leo ananisalimia vizuri kama zamani. Lakini mimi namwona kila asubuhi, na najua alichosoma.

Michango ya harusi tulisimamisha mwaka mzima. Kadi tatu zilikuja, nikapiga simu tatu, nikasema sina. Mmoja alininunia. Wawili walisema afadhali umesema mapema tupange bajeti.

Agosti nilipata kazi ya mkataba wa miezi mitatu kwenye zahanati binafsi, kuingiza takwimu, 600,000 kwa mwezi. Umeongezwa mara moja. Kikoba nimebakiza kidogo, Mangi hanidai, benki naenda nayo kwa 120,000 bila kukosa. Kuna siku nikipata ziada mkono unawasha niipeleke benki nipunguze. Bado sijaipeleka. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi ujao na hakuna aliyeniambia kama kuna mwingine. Kodi ya miezi sita ipo kwenye akaunti ya pembeni, na kadi yake anaitunza mume wangu.